Shajara ya MGB GT: kufufua miguu ya mbele na kunyoosha magurudumu, Malindi

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimeanza kazi ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu gari hili liliponifikia kutoka kwa marehemu mjomba. Ni MGB GT ya mwaka 1972, mojawapo ya magari zaidi ya 500,000 ya aina ya MGB yaliyoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya mwaka 1962 na 1980. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 haina lawama: huwaka asubuhi kwa mara ya kwanza na hunguruma kwa utulivu. Tatizo liko mbele, chini, mahali ambapo mmiliki hapaoni mpaka alale chali sakafuni.

Dalili ni nne, nami naziandika zote kabla ya kugusa nati yoyote, kwa sababu kazi ikishaanza mtu husahau gari lilikuwaje. Kwanza, likifika kilomita 80 kwa saa usukani hutetemeka mikononi. Pili, likipita kwenye tuta husikika mgongano wa chuma kwa chuma upande wa kushoto. Tatu, tairi la mbele la kushoto limelika ukingo wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, ilhali ukingo wa nje bado una mifereji mizuri. Nne, na hili ndilo lililonisumbua zaidi, gari huvuta kulia. Barabara zetu huinamia kushoto ili maji ya mvua yatiririke pembeni, kwa hiyo gari lililochakaa kwa kawaida lingevuta kushoto. Linalovuta kulia linapanda mteremko kwa nguvu zake lenyewe, na nguvu hizo lazima zina chanzo.

Mwaka jana nililipeleka kwenye karakana moja mjini Mombasa, likawekwa kwenye mashine ya kunyooshea magurudumu na nikalipa. Walitazama tairi lililolika ndani, wakaamua kwamba magurudumu yamefunguka mbele, wakayafunga. Gari lilirudi Malindi na usukani uliopinda, na tairi likaendelea kulika palepale.

Jumapili, 12 Januari

Siku nzima imekuwa ya kupima, bila kufungua chochote.

Banda langu hapa Shela ya Malindi lina sakafu ya saruji iliyomwagwa kwa mkono, na sakafu ya namna hiyo haiaminiki kwa macho. Nilitumia mpira wa maji, kama waashi wanavyofanya wanapopiga msingi: mpira mrefu unaopenyeza mwanga, uliojazwa maji, ncha moja kwenye gurudumu moja na ncha ya pili kwenye jingine, maji yakakueleza ukweli bila kuuliza. Kona ya mbele kushoto ilikuwa chini kwa milimita 9. Niliijazia kwa vipande vya vigae na bati mpaka magurudumu yote manne yakasimama kwenye usawa mmoja, kisha nikajaza upepo magurudumu ya kila jozi sawasawa.

Kwa mwinamo wa magurudumu, yaani kemba, nilitumia timazi. Niliutundika uzi wake kwenye kigingi nje ya tairi, nikapima umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu juu, kisha chini. Baina ya kingo hizo mbili rimu ya inchi 14 ina takribani milimita 390, kwa hiyo kila milimita 6.8 ya tofauti ni digrii 1. Gurudumu la kulia liliinama kwa nje milimita 2 tu, yaani robo digrii. La kushoto liliingia ndani kwa juu milimita 10, ambazo ni digrii 1 na nusu upande usiotakiwa. Kitabu cha gari kinataka digrii 1 kwa nje, na uhuru wa kupungua hadi robo digrii kwa ndani. Hapo tairi lililolika ukingo wa ndani lilijieleza: halikulika kwa sababu magurudumu yamefunguka, lililika kwa sababu lilikuwa likitembea kwa ubavu wake.

Mwinamo wa kingipini (pini iliyosimama ambayo gurudumu la mbele hugeukia) kwenda nyuma, unaoitwa kasta, ulihitaji subira zaidi. Niliweka kila gurudumu la mbele juu ya mabati mawili yenye grisi katikati ili ligeuke bila kukwama, nikainua ya nyuma kwa kimo kilekile, nikageuza gurudumu digrii 20 ndani na digrii 20 nje, na kila upande nikasoma kemba. Tofauti ya masomo hayo mawili ukiizidisha kwa 1.5 hukupa kasta kwa ukaribu unaotosha. Kushoto nilipata digrii 6 na robo tatu, kulia digrii 5 na nusu. Kiasi kinachotakiwa ni digrii 7. Gari huvutwa kuelekea upande wenye kasta ndogo, na pia kuelekea upande ambao gurudumu lake limeinama nje zaidi. Pande zote mbili hizo, kwenye gari hili, ni kulia.

Mwisho nikapima kufunga kwa magurudumu mbele, ambako mafundi hukuita toini. Nilitandika mishipi miwili ya kuvulia samaki, kila mmoja ubavuni mwa gari, ikiwa imenyooka na sambamba. Hapa pana mtego: kwenye MGB yenye magurudumu ya chuma upana wa mbele ni inchi 49 na wa nyuma ni inchi 49 na robo, kwa hiyo mshipi lazima uwe karibu zaidi na kitovu cha gurudumu la nyuma kwa takribani milimita 3 kila upande, vinginevyo unapima kosa lako mwenyewe. Nilipata milimita 6 za kufunga. Nikasukuma gari mbele mita mbili, nikalirudisha, nikapima tena: milimita 2. Mara ya tatu: milimita 5.

Nilikaa chini nikazitazama namba hizo kwa muda mrefu. Uzi ulikuwa umetulia, sakafu ilikuwa sawa, na rula ilikuwa ileile. Kilichokuwa kinahama ni gurudumu lenyewe. Mashine ya Mombasa, hata ingekuwa bora kiasi gani, ilipima gurudumu lililokuwa likicheza, ikaandika namba ya dakika ile. Kwa hiyo nimeamua kwamba sitagusa tairodi, yaani fito za usukani zinazorekebisha toini, mpaka kila kiungo kilichopwaya kimebadilishwa.

Jumamosi, 18 Januari

Fundi mzee kutoka Maweni, aliyewahi kulihudumia gari hili zamani za mjomba, amekubali kunisaidia siku za Jumamosi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunitaka nilishike gurudumu la kushoto juu na chini, likiwa hewani, nilitikise huku yeye akiangalia nyuma yake kwa tochi. Lilicheza. Akaniambia nikanyage breki na tujaribu tena. Likacheza vilevile. «Basi si beringi, mwanangu,» alisema. «Ukikanyaga breki, habu na ekseli yake hushikana kuwa kitu kimoja. Kinachocheza sasa ni kingipini.»

Kwa msomaji asiyeyajua magari haya, inafaa nieleze muundo wake, kwa kuwa hauko kama wa magari ya Kijapani tuliyoyazoea. Hakuna boljointi. Kuna kingipini ya chuma iliyosimama, na kipande kinachobeba gurudumu huizunguka juu ya bushi mbili za shaba. Chini, kingipini imeshikwa na bolti inayopita kwenye mikono miwili ya chini. Baina ya mikono hiyo imefungwa sahani ya springi. Juu hakuna mkono wa kawaida, kwani kazi hiyo hufanywa na shokabsoba yenyewe, ambayo si mrija bali ni kisanduku cha chuma chenye mafuta ndani na mikono miwili inayotoka nje. Ikilegea shokabsoba, gurudumu nalo limelegea, wala si mtikisiko wa gari pekee unaozidi.

Kila upande una vinywa vitatu vya grisi, na kitabu kinataka vipewe grisi kila maili 3,000. Kinywa cha chini kushoto kilikuwa kimefunikwa na rangi nyeusi. Yaani aliyepaka rangi alikipaka, na tangu siku hiyo hakuna aliyekifungua. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia.

Springi ndiyo sehemu ya hatari. Imebanwa kwa nguvu inayoweza kumvunja mtu mkono, nasi hatukuifanyia haraka. Tuliweka jeki chini ya sahani, stendi mbili chini ya bodi, mnyororo ukapitishwa ndani ya springi kwa tahadhari, kisha tukaondoa bolti ya juu ya kingipini na kushusha jeki kidogo kidogo mpaka springi ikatulia. Ndani ya sahani ya kushoto kulikuwa na mchanga uliochanganyika na kutu, umeshikamana kama udongo wa chungu. Upande wa kushoto ndio unaoshuka kwenye ukingo wa lami kila ninapompisha mtu, na mchanga wetu una chumvi. Nilipoukwangua, bisibisi ilitoboa sahani.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya bolti moja.

Bolti ya chini ya kingipini hupita ndani ya kibomba cha chuma, na kibomba hicho ndicho kinachozungukwa na bushi. Grisi isipofika, kutu hukiunganisha kibomba na bolti vikawa kitu kimoja. Kulia ilitoka baada ya nusu saa. Kushoto tulimimina mafuta ya kupenyeza tangu Jumatano, tukapasha moto, tukagonga, tukapasha tena. Haikusogea hata unywele. Mzee alinikataza nisizidishe nyundo, kwa sababu nguvu hiyo hupinda mikono, na mkono uliopinda huharibu kemba ambayo ndiyo tuliyokuja kuitafuta. Saa nane mchana tulikubaliana kuikata. Tulipitisha msumeno wa chuma katika upenyo mwembamba kati ya mkono na kingipini, upande wa mbele na wa nyuma, tukikata kwa zamu mpaka adhuhuri ikawa alasiri na alasiri ikaelekea magharibi. Kingipini ilikuwa inabadilishwa kwa vyovyote, kwa hiyo hatukupoteza kitu isipokuwa misumeno minne.

Kingipini ya kushoto ilikuwa imelika upande mmoja kiasi cha kuonekana kwa jicho. Bushi za mpira za mikono ya chini zilikuwa zimegeuka kuwa unga mweusi. Uzito wa gari husukuma kingo za chini za gurudumu nje na za juu ndani, kwa hiyo kila milimita iliyopotea kwenye bushi na pini ililiinamisha gurudumu ndani. Zile milimita 10 za timazi nimezipata, zimetawanyika kwenye viungo vitatu.

Jumamosi, 1 Februari

Kusafisha, kupima, kuagiza. Mikono ya chini tumeilaza juu ya kioo, yote iko sawa. Krosimemba, yaani boriti ya chuma inayobeba miguu ya mbele, tumeipima kwa pembe zake, haijapinda, lakini mpira ulio kati yake na bodi upande wa kulia umebonyea sana kwa nyuma. Hapo ndipo ilipopotelea ile kasta ya kulia: krosimemba ikiinuka nyuma, kichwa cha kingipini husogea mbele. Mjomba aliendesha peke yake kwa miaka mingi, na uzito wa dereva kwetu hukaa kulia.

Kuhusu bushi nilikuwa na chaguo. Wapo wanaopenda za plastiki ngumu, lakini mimi nimechagua za mpira uliogandishwa ndani ya bomba la chuma, za aina iliyotumika kwenye MGB GT V8. Gari hili halishindani. Linatakiwa lipite juu ya mawe ya matumbawe bila kuning'oa meno, na sipendi bushi inayosuguana na mchanga.

Alhamisi, 20 Februari

Mzigo umefika kutoka Uingereza: kingipini mbili, bushi, sahani za springi, springi, tairodi endi, mipira ya krosimemba na shokabsoba mbili zilizofanyiwa ukarabati. Zile za zamani zilikuwa zinavuja kwenye shina, na kujaza mafuta kwenye kisanduku kinachovuja ni kuchelewesha tu.

Jumamosi, 22 Februari

Bushi za shaba haziingii na kukaa tayari. Hukandamizwa mahali pake, nazo zikikandamizwa hubana kidogo, kwa hiyo lazima zikwanguliwe kwa rima ndefu (chombo cha kupanulia matundu) inayopita zote mbili kwa pamoja, ili matundu yawe kwenye mstari mmoja. Fundi wa leizi tuliyempelekea alifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao ningependa uigwe: alikwangua, akafuta, akajaribisha pini, akakwangua tena. Alipomaliza, pini ilishuka taratibu kwa uzito wake, ikizunguka kwa kidole bila kucheza.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeingia, tumehamishia kazi usiku baada ya tarawehe, na baridi ya usiku imetufaa. Upande wa kulia umekamilika, wa kushoto umefika katikati.

Shokabsoba mpya tulizijaribu mezani kwanza: mkono ukishushwa na kupandishwa polepole unatakiwa ukaze kwa kiwango kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, ukilegea katikati ujue kuna hewa. Tulijaza mafuta, tukapampu mara kumi na mbili hivi, tukajaza tena. Springi tulizirudisha kwa njia ileile ya jeki na mnyororo.

Jambo ambalo mzee alilisisitiza mara tatu ni kwamba bushi za mpira uliogandishwa hazikazwi gurudumu likiwa linaning'inia. Mpira huo hautelezi, hujipinda. Ukiukaza gari likiwa hewani, siku zote litakaposimama chini mpira utakuwa umesokotwa, utachanika upesi na utalishikilia gari juu ya kimo chake. Tuliziacha nati zikiwa zimeshika tu.

Beringi za habu zilipewa grisi mpya na mwachano wa milimita 0.05 hadi 0.10 kwa kupanga shimu (vibati vyembamba), kisha splitipini mpya. Mwisho wa usiku tulitia grisi kwenye vinywa vyote sita, magurudumu yakiwa hewani ili grisi ifike kwenye sehemu zinazobeba uzito. Tulipampu mpaka grisi safi ikatokeza kila ukingo. Kinywa kile cha chini kushoto nilikitia mimi mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Gari limeshushwa chini. Watu wawili tulilikandamiza mbele mara kadhaa, tukalisukuma huku na huku ili likae kwenye kimo chake, ndipo tukakaza nati za bushi kwa spana ya torki.

Vipimo nilivirudia kwa mpangilio uleule wa Januari. Kemba kushoto ni nusu digrii kwa nje, kulia robo tatu ya digrii kwa nje. Kasta kushoto digrii 6 na robo tatu, kulia digrii 7. Kwenye gari hili kemba na kasta hazina skrubu ya kurekebishia: zinatokana na uzima wa vipande, na vipande vikiwa vizima zinarudi zenyewe. Sikutarajia pande mbili zikaribiane hivi, nami nilipima mara ya pili kwa kutojiamini.

Kinachorekebishwa ni toini peke yake, nayo inatakiwa iwe kati ya inchi 1/16 na 3/32, sawa na milimita 1.6 hadi 2.4. Kabla ya hapo tulihesabu nyuzi za tairodi zilizokuwa wazi kila upande. Kushoto zilikuwa nyingi kuliko kulia kwa nyuzi saba, ushahidi kwamba kule Mombasa walizungusha upande mmoja tu, na ndiyo sababu usukani ulirudi umepinda. Tuliirudisha reki (fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu) katikati kwa kuhesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kugawa kwa mbili, tukaufunga usukani ukiwa umenyooka, kisha tukazungusha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, tukilisukuma gari mbele na nyuma baada ya kila badiliko.

Milimita 2. Tukalisukuma, tukapima: 2. Mara ya tatu: 2.

Mzee aliuangalia mshipi, akauangalia tena, akasema, «Sasa kaza.»

Jumamosi, 5 Aprili

Idd imepita, mvua za masika bado hazijakaza. Asubuhi nimeliendesha hadi njia panda ya Gede na kurudi, kisha, kwa kuwa sikuweza kujizuia, hadi Kilifi. Kwenye kilomita 80 usukani umetulia. Kwenye kilomita 100 umetulia. Nilipoulegeza kwa sekunde chache mahali palipo wazi, gari lilielea polepole kushoto, kufuata mteremko wa lami, kama gari lolote lenye afya linavyopaswa kufanya. Kwenye matuta sikusikia chuma.

Niliporudi nilikaza tena bolti zote za mikono ya chini na krosimemba. Mbili za upande wa kushoto zilikubali kama robo ya mzunguko, nyingine hazikusogea.

Jumamosi, 19 Aprili

Matairi mapya ya mbele yametembea kilomita 600. Nimepima kina cha mifereji kwenye ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje, kushoto na kulia: kote milimita 7.5, isipokuwa ukingo wa nje kulia wenye 7.4. Shokabsoba ya kulia ina unyevu mdogo wa mafuta kwenye kifuniko, si kwenye shina. Nimekaza skrubu zake na kuipangusa ili nione kama unarudi. Grisi itatiwa tena odometa ikisoma 61,400, na namba hiyo nimeiandika kwa chaki juu ya mlango wa banda.